Visiwa Vitano na Domeini Moja

ATHMAN: Assalamu aleikum wasikilizaji, karibuni barazani. Dada Fatma, wiki hii hapa Lamu, Mkunguni, hukuonekana kabisa.

FATMA: Waaleikum salaam. Nilikuwa Shela, kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Tangu Ijumaa wageni wakimwandikia, barua pepe zinarudi. Domeini yake, yaani jina la tovuti na barua pepe yake linaloishia .co.ke, imekwisha muda. Aliyemtengenezea tovuti aliisajili kwa jina lake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe, kwa hiyo ilani zote za malipo zilikwenda kwake, naye yuko Uarabuni.

ATHMAN: Lakini uliniambia kuna walioiona tovuti hata Jumamosi.

FATMA: Kwa sababu ya kumbukumbu za seva, zile kompyuta zinazotoa majibu mtandaoni. Jina likisimamishwa, rejista, yaani ofisi inayotunza majina yote ya .ke, huondoa mistari inayotaja seva za jina hilo. Ila mtoa huduma wako wa intaneti anakuwa ameshalihifadhi jibu la zamani, na kama mstari uliandikiwa sekunde 86,400, jibu hilo linaweza kukaa siku nzima. Jirani mmoja anaiona tovuti, mwenzake haioni, na kila mmoja anadhani simu yake ndiyo mbovu. Barua pepe ndiyo inayoumia. Seva ya mtumaji ikikuta seva yako imezimika, hujaribu tena kwa siku kadhaa. Ikiambiwa jina lenyewe halipo, hairudii. Barua inarudi papo hapo.

ATHMAN: Na mmefanyaje?

FATMA: Kwanza tumetazama WHOIS, daftari la wazi la wenye domeini, jina lililoandikwa pale ni la nani. Kisha cheti cha biashara, kitambulisho, na barua ya kuomba jina la mwenye domeini libadilishwe, vyote vimekwenda kwa msajili, kampuni iliyouza domeini hiyo. Tunangoja. Sasa mama akaniuliza jambo lililonikaa kichwani: "Kwani hii .ke yenyewe ni ya nani? Ya serikali?" Ndiyo mada yetu leo, na mwisho nina mambo manne ya kufanya ambayo msikilizaji ayaandike.

ATHMAN: Haya, mjibu mama.

FATMA: .ke iliandikwa kwenye mzizi wa intaneti, ile orodha kuu ya majina ya juu kabisa, mwaka 1993. Wakati ule ilikuwa mikononi mwa watu binafsi: Randy Bush upande wa ufundi, akiwa Marekani, na Dkt. Shem Ochuodho upande wa usimamizi. Baadaye ikakabidhiwa KeNIC, shirika lisilo la faida ambalo serikali imo ndani yake pamoja na watoa huduma za intaneti. Sheria ya mawasiliano ikaja ikampa mdhibiti wa mawasiliano nguvu ya kutoa leseni. Kwa hiyo serikali imo, lakini si peke yake.

ATHMAN: Tuvalu wasingekubali hiyo.

FATMA: Kisiwa cha kwanza hicho. Wasikilizaji, hesabuni, Athman hapiti dakika kumi bila kisiwa.

ATHMAN: Sisi si watu wa visiwa? Tuvalu ni watu kama elfu kumi na moja, lakini .tv ni yao, na fedha zake ziliwasaidia kuingia Umoja wa Mataifa mwaka 2000. Anguilla wana .ai. Mwaka 2023 iliwaingizia takriban dola milioni 32, zaidi ya moja ya tano ya mapato ya serikali.

FATMA: Cha pili.

ATHMAN: Niue, .nu. Yaendeshwa kutoka Sweden, na serikali ya Niue imekuwa ikilalamika miaka na miaka.

FATMA: Cha tatu. Ngazija nao?

ATHMAN: Ngazija wana .km, cha nne, na ni majirani zetu. Ninachosema ni hiki: serikali ilipochelewa, mwingine alikamata usukani. Chagos, visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyo mikononi mwa Uingereza, ndio mfano mchungu kuliko yote. Watu wake waliondolewa kwa nguvu kati ya 1968 na 1973. Mwaka 1997 domeini ya visiwa hivyo, .io, ikaanza, kampuni za teknolojia zikaipenda, na wenyewe hawakupata hata senti.

FATMA: Cha tano, na hapa sikutanii, jambo hilo linauma. Lakini angalia: kule serikali ilikuwepo, ya Uingereza. Haikuwasaidia.

ATHMAN: Haikuwa serikali yao. Na kama msimbo IO utaondolewa kwenye orodha ya misimbo ya nchi kwa sababu ya mkataba wa Uingereza na Mauritius wa mwaka 2025, .io itaingia kwenye utaratibu wa kustaafishwa: miaka mitano, ikiongezwa haizidi kumi.

FATMA: Kama .yu ya Yugoslavia, iliyotolewa kwenye mzizi mwaka 2010. Msikilizaji mmoja aliuliza, Lamu tunaweza kupata yetu? Hapana. Herufi mbili zinatoka kwenye ISO 3166, orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi. Jon Postel, aliyeisimamia IANA, ofisi inayotunza mzizi wa intaneti, aliandika mwaka 1994, kwenye waraka wa kiufundi uitwao RFC 1591, kwamba ofisi hiyo haina kazi ya kuamua nchi ni ipi na ipi si nchi. Zanzibar nao wako ndani ya .tz.

ATHMAN: Basi Postel alikimbilia orodha ya wengine, na orodha ile inatungwa kwa kufuata serikali. Unaona? Mwisho wa kamba umeshikwa na dola. Afadhali dola ishike waziwazi.

FATMA: Hapo ndipo sikubali. RFC hiyo hiyo inasema msimamizi wa domeini ya nchi ni mdhamini, anaitumikia nchi na jamii ya intaneti ya dunia. Ukitaka kumbadilisha, IANA inauliza nani anakubali huko nyumbani, serikali inasemaje, na seva zako za majina zinajibu vizuri. Wanataka angalau seva mbili, kwenye mitandao tofauti. Ukiziweka zote jengo moja, siku kebo imekatwa, nchi nzima imepotea.

ATHMAN: Wizara haiwezi kuweka seva mbili?

FATMA: Kuweka inaweza. Kuzitunza usiku wa Idd? Sahihi za DNSSEC, muhuri wa kuthibitisha kuwa majibu ya majina si ya kughushi, zina tarehe ya kuisha, na funguo hubadilishwa kwa mpangilio. Januari 30, 2024, .ru ya Urusi ilikosea hapo, tovuti zikapotea kwa saa kadhaa. Zabuni ya wizara inangoja sahihi tatu, funguo hazingoji. Na mwaka 2010 Libya walimfungia mtu domeini yake ya vb.ly, wakisema maudhui yanakwenda kinyume na sheria yao. Mama wa Shela akae akijua kuwa ofisa mmoja aweza kumzimia jina?

ATHMAN: Na leo si mtu mmoja aliyemzimia? Fundi wa tovuti, tena hakuna pa kumshitaki. Ofisa nampeleka mahakamani. Afrika Kusini mwaka 2002 bunge lilipopitisha sheria, aliyekuwa ameshika .za alihamisha faili ya majina nje ya nchi. Mtu mmoja! Hata kama nia yake njema, nani alimchagua?

FATMA: Aliihamisha kwa kuogopa sheria iliyotungwa bila wanaoijua kazi.

ATHMAN: Sheria ni ya bunge, na bunge ni letu.

FATMA: Serikali iwe na kiti, isiwe na kiti na meza na mlango.

ATHMAN: Mimi nasema mlango ni wake, wengine wapewe viti.

FATMA: Subiri. Hiyo ni adhana.

ATHMAN: Ya Magharibi. Na mambo manne?

FATMA: Hatukugusa hata moja. Yaache, Jumanne ijayo. Ila msikilizaji, usiku huu fungua WHOIS, andika domeini yako, utazame jina la mwenye na tarehe ya kuisha. Ukikuta jina la fundi, usimpigie kwa hasira, mwombe kwanza msimbo wa uhamisho, ule unaokuwezesha kuihamishia domeini kwa msajili mwingine.

ATHMAN: Mimi kuhusu serikali sijarudi nyuma.

FATMA: Nami pia. Zima mashine, tutachelewa.