Mserereko Unaokufa Katikati ya Kona

Habari za jioni, na karibuni nyote.

Nianze na kitu ambacho naamini wengi wenu mmekifanya wiki hii. Umekaa mbele ya simuleta, yaani mchezo wa kompyuta wa kuendesha magari, umechagua gari jepesi la injini ya lita 1.6, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Unaingia kona, unavuta breki ya mkono, mkia unatoka vizuri kabisa. Unakata usukani upande wa pili, unakanyaga mafuta mpaka chini. Sekunde ya kwanza, ya pili, ya tatu, unajiona bingwa. Ya nne, mlio wa matairi unafifia, mkia unarudi ndani kwa kishindo, na kwa kuwa usukani bado umeukata kinyume, gari linakurusha upande ambao hukuutaka. Ukuta. Unavua vipokea sauti na kusema: fizikia ya mchezo huu ni mbovu.

Maneno hayo nimeyasema mwenyewe miaka mingi. Leo nimekuja kuyafuta, ingawa si yote.

Kosa letu ni kudhani kwamba kuanzisha mserereko, yaani drifti, kuteleza kwa makusudi mkia ukiwa nje, na kuulisha ni kazi moja. Kuanzisha hakuhitaji injini ya maana. Breki ya mkono, teke la klachi (kuikanyaga na kuiachia ghafla), kuachia mafuta ghafla, kuyumbisha gari kushoto kabla ya kulitupa kulia: vyote hivyo vinaweza kung'oa mkia wa gari lenye nguvu farasi 60. Teke la klachi, kwa mfano, linamwaga kwenye magurudumu nishati iliyokuwa imehifadhiwa katika flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini. Ni chenji ya mfukoni. Inalipa mara moja, halafu mfuko mtupu. Kuulisha mserereko ni jambo la mapato ya kila sekunde, na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari.

Tazameni ubaoni. Gari la kilo 1,000, nusu ya uzito iko nyuma. Matairi ya kawaida, lami kavu, msuguano tuuweke 0.9. Matairi ya nyuma yakishateleza, kani yote yanayoweza kutoa ni kama nyutoni 4,400. Gari linakwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, na limelala digrii 30 kutoka njia linayoifuata. Ili lisipoteze kasi, kani ile ya matairi lazima ielekee katikati ya duara, isiliburute gari nyuma hata kidogo. Jambo hilo linawezekana tu ikiwa magurudumu yanazunguka haraka kuliko gari linavyokwenda. Chora mishale, fanya hesabu, na yote yanasinyaa kuwa mstari mmoja: nguvu inayotakiwa ni mshiko wa nyuma, mara kasi, mara tanjenti ya pembe.

Kwa digrii 30 tunapata takriban kilowati 51, yaani nguvu farasi 68. Hapo gari dogo bado linapumua. Sasa lilaze digrii 45, kama tunavyopenda kuonekana kwenye picha. Tanjenti ya 45 ni 1. Nguvu inapanda hadi kilowati 88, nguvu farasi 118. Ongeza kasi ifike kilomita 90 kwa saa, pembe ileile, na daftari linadai 147. Hiyo ni nguvu inayofika kwenye magurudumu. Bado sijahesabu upepo, wala matairi ya mbele, wala kile kinacholiwa njiani na giaboksi na difu, zile gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili.

Toyota AE86, gari ambalo Keiichi Tsuchiya, dereva Mjapani wa drifti, alijijengea nalo jina, lilitajwa na kiwanda kuwa na nguvu farasi 130 kwa injini yake ya 4A-GE. Mazda MX-5 ya kwanza, ile ya lita 1.6, ilikuwa na kama 115. Toa kinachopotea njiani, kisha urudi kwenye 118 ya ubaoni. Mnaona hesabu inavyobana? Gari halijakataa, linafika ukingoni. Kule kwenye mashindano ya drifti ya kulipwa huko Marekani, magari mengi siku hizi yanakaribia nguvu farasi 1,000, na wengine hushangaa za nini. Ni kwa sababu wanavaa matairi yenye mshiko mkubwa, wanakwenda kasi, na wanalaza gari sana. Yale mambo matatu ya mstari wetu yote yamepanda kwa pamoja.

Halafu kuna gia, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo mserereko mwingi wa gari dogo unapofia. Nguvu farasi 130 hazipo wakati wote. Zipo karibu na mizunguko 6,600 kwa dakika. Ukiwa kwenye 5,000 una sehemu tu ya hizo. Katika gari la aina hii gia ya 2 inaishia takriban kilomita 95 kwa saa. Sasa kumbukeni magurudumu yanazunguka haraka kuliko gari: kwa digrii 45 na kilomita 72, magurudumu yanakwenda 102. Gia ya 2 imekwisha, injini inapiga ukomo na kukatakata kama mtu mwenye kwikwi. Unaweka ya 3, mshale unaanguka mpaka karibu 5,000, injini inaguna, magurudumu yanapungua kasi, yanaikamata lami. Umesikia ule mlio unaofifia? Ndio huo. Dereva anadhani amekosea usukani, kumbe alikosa gia ya kati ambayo haipo.

Swali mtakalouliza ni hili: kama nguvu haitoshi, zile sekunde tatu nzuri zilitoka wapi? Zilitoka kwenye akiba. Gari la kilo 1,000 kwa mita 20 kwa sekunde limebeba kilojuli 200 za mwendo. Likishuka hadi mita 15 kwa sekunde, limetoa karibu 88. Ukiwa na upungufu wa kilowati 20, akiba hiyo inakufikisha sekunde nne na ushei. Mnakumbuka nilisema ya nne ndiyo mkia unarudi? Sikuitoa hewani.

Na kasi ikishuka, duara nalo linabana. Gari linaloteleza kwa msuguano wa 0.9 kwa kilomita 72 linachora duara la nusu kipenyo kama mita 45. Kwa kilomita 54, mita 25 tu. Kona yenyewe haijabadilika, bado ni ya mita 45, kwa hiyo gari linaanza kuingia ndani, na dereva hana jingine la kumfaa ila kupunguza pembe. Anayeanza kupunguza pembe bila kutaka ameshaupoteza mserereko, hata kama hajaambiwa.

Sasa tuzigeukie lawama za simuleta, maana nilisema sifuti yote. Ya kwanza ni matairi. Mtu anachukua gari la zamani, mchezo unampa matairi laini ya mbio yenye msuguano wa 1.3, kwa sababu ndiyo yenye kasi. Mahitaji yanapanda kwa zaidi ya asilimia 40 papo hapo. Viwanda wanalijua hili. Toyota GT86 ilipotoka mwaka 2012 na nguvu farasi 200, ilivalishwa Michelin Primacy HP za upana wa milimita 215, tairi ambalo Prius, gari la kubana mafuta, nayo ilivaa. Watu walicheka. Wahandisi walikuwa wamefanya hesabu ya ubaoni.

Ya pili ni fomula za tairi. Simuleta nyingi zinatumia, kwa namna moja au nyingine, kazi ya Hans Pacejka, mtafiti Mholanzi wa matairi, na wenzake ya miaka ya 1980. Fomula ile inafuata vipimo vizuri sana kwenye pembe ndogo, tairi linapokaribia kilele cha mshiko na kukivuka kidogo. Digrii 40 ni mbali na hapo, na mara nyingi mtengenezaji wa mchezo analazimika kuurefusha mchoro kwa kukisia. Akikisia kwamba mshiko hauporomoki, gari dogo linaonewa. Hii ndiyo lawama ninayoibakiza.

Ya tatu ni macho yetu. Skrini inaficha kasi. Hakuna upepo, hakuna tumbo kupanda, upeo wa macho ni mwembamba. Unaingia kwa 95 ukiamini ni 65, halafu unashangaa injini haitoshi. Katika gari la kweli ungeogopa mapema, na woga ule ungekuokolea nguvu farasi 50.

Difu nayo isisahaulike. Difu ya kawaida, isiyofunga, inaliacha gurudumu la ndani lizunguke bure kwa sababu limepungukiwa na uzito, na la nje linapata kani hafifu ileile. Unasikia mlio, unaona moshi, lakini gurudumu linalobeba gari halijateleza kabisa. Wanaochomelea difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja hawafanyi hivyo kwa ushamba.

Mwenzetu pale nyuma ameinua mkono. Anauliza, je, mteremko unasaidia? Unasaidia. Mteremko wa asilimia 5, kwa gari letu na kasi yetu, ni kama nguvu farasi 13 za bure. Kwa gari la 400 hilo ni tone, kwa gari la 115 ni mshahara wa mwezi wa kumi na tatu. Na mvua je? Mvua ni bora zaidi. Msuguano ukishuka hadi 0.5, ile digrii 45 iliyodai 118 inadai 66. Ndiyo maana gari lililokuwa zito jana jioni linacheza leo asubuhi baada ya wewe kubadilisha hali ya hewa tu.

Sasa naomba mtu mmoja aje akae hapa kwenye usukani. Wewe, njoo. Nimekuwekea MX-5, matairi ya kawaida, kona ya mita 25, na nimefunika kipima kasi kwa karatasi. Ingia taratibu kuliko unavyotaka, gia ya 2, pembe ndogo. Usiangalie mkia. Sikiliza injini, na ikianza kuguna, nyoosha kabla haijakunyoosha yenyewe. Haya, breki ya mkono hiyo. Vuta.