Mto Usio na Mamba
Mazungumzo na familia za Waswahili wa Albury na Wodonga, miji miwili ya Australia inayotazamana kuvuka Mto Murray, kuhusu mto huo, kabla ya likizo ya kiangazi

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za mchana. Kabla sijasema lolote, naomba ile ndoo ya bluu ianze kupita kutoka kule mlangoni. Maji yake nimeyachota mtoni, pale Noreuil Park, nusu saa iliyopita. Nje mmeona wenyewe, nyuzi 36. Kila mtu atumbukize mkono mpaka kiwiko, ahesabu moja mpaka kumi, ampe jirani yake. Watoto kwanza. Ndoo ikifika huku mbele nitasema kwa nini nimeileta.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nimekaa bonde hili miaka kumi na moja, kazi yangu kupima maji na kuhesabu samaki. Na katika miaka yote hiyo, kila mgeni kutoka kwetu akisimama ukingoni swali lake la kwanza ni lile lile: "Kuna mamba?" Mtu aliyekulia Uvira, Baraka, Kalemie au Ujiji ana haki ya kuuliza hivyo. Nami humjibu ukweli: hakuna. Mamba wa Australia wako kaskazini kabisa, kwenye joto la mwaka mzima. Kiboko hakuna. Kichocho hakuna. Basi namwona anavua viatu, anakunja suruali, na mimi ndipo moyo unaanza kunienda mbio. Kwa sababu Murray ni miongoni mwa mito inayoongoza nchi hii kwa watu kufa maji, na wamo waliokuwa wanajua kuogelea.

Tuanze na umbo la kitu chenyewe. Murray una urefu wa kilomita 2,508, na bonde lote la Murray na Darling lina eneo linalozidi kilomita za mraba milioni moja, kubwa kuliko Tanzania nzima. Ukisikia hivyo unategemea maji mengi. Kumbe ni mto maskini! Maji ambayo bonde hili lote lingemwaga baharini kwa mwaka mzima, hata kabla watu hawajaanza kuyachota, Mto Kongo huyamwaga kwa chini ya wiki moja. Bwawa la Hume hapo juu yetu, lililokamilika mwaka 1936, ukilijaza pomoni linabeba lita bilioni 3,005. Kongo ungelijaza kwa siku moja. (Kicheko.) Ndiyo, pigeni makofi, Wakongo, leo ni siku yenu.

Sasa mto maskini wa namna hiyo unalisha mpunga, zabibu, lozi, machungwa, pamba, ng'ombe wa maziwa, na miji mpaka Adelaide. Hivyo watu wakaamua kuupangia ratiba. Na hapa ndipo ningependa mnisikilize, kwa sababu mengine yote nitakayosema leo yanatoka hapa.

Zamani mto huu ulijaa majira ya baridi na masika, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi na moja hivi, mvua zikinyesha na theluji ya milimani ikiyeyuka. Ikifika mwezi wa pili, wa tatu, ulikuwa umenywea, una joto, unatambaa. Leo chini ya bwawa ni kinyume. Wakati wa baridi milango inafungwa ili maji yawekwe akiba, mto unabaki chini. Kiangazi, mkulima anapoyataka, milango inafunguliwa, na hapa kwetu Albury yanaweza kupita mpaka lita bilioni 25 kwa siku. Mto umegeuziwa majira. Siku ile ya joto kali unayotamani kuoga ndiyo siku mto una nguvu.

Ndoo imefika? Haya, mama, umehesabu mpaka ngapi? ... Sita. Mama ametoa mkono kwenye sita, na yeye ni mtu wa Bukavu, baridi anaijua.

Baridi hiyo inatoka chini ya bwawa. Jua hupasha maji ya juu tu. Yale ya kina yanabaki baridi kama kisimani. Milango ya kutolea maji iko chini. Kwa hiyo tunapata maji ya kina kirefu, katikati ya kiangazi. Mtu mwenye mwili uliochemka akirukia humo, kifua kinajikaza, anavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, anavuta maji. Hata bingwa wa kuogelea. Ndiyo maana nasema ingieni kwa miguu, polepole, jilowesheni shingo na kifua kwanza, na mtoto avae jaketi la kujiokolea hata kama anakucheka. Mkondo ukikubeba usishindane nao. Lala chali, miguu mbele, uuache ukupeleke huku unasogea kidogo kidogo kuelekea ukingo.

Miguu mbele kwa nini? Kwa sababu ya magogo. Hebu nikae hapa kidogo, maana gogo ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika mto huu.

Ukingoni mwa Murray kuna mkaratusi. Ni mti ule ule mliouona nyumbani umepandwa barabarani na kwenye mashamba ya kuni, tena spishi ile ile inayolaumiwa kwetu kwamba inakausha chemchemi. Hapa ndipo kwao. Unaishi mamia ya miaka, ukizeeka tumbo lake linakuwa pango, na mwishowe unaangukia mtoni. Wenye meli za moshi wa karne ya kumi na tisa waliyachukia magogo haya, yaliwatoboa vyombo, wakayang'oa kwa maelfu na maelfu. Mto ukawa safi kama mtaro. Na samaki wakapungua.

Kuna samaki wa hapa anayeitwa Murray cod. Yule mkubwa zaidi aliyewahi kuandikwa alikuwa na kilo zaidi ya 113. Hebu muweke pembeni ya sangala wa Tanganyika. Jike hutaga mayai ndani ya pango la gogo, yananata ukutani kama ushanga uliogandishwa, kisha jike anaondoka zake. Dume ndiye anabaki. (Akina mama wanashangilia.) Subirini. Anabaki hapo, anapepea maji kwa mapezi yasije mayai yakakosa hewa, anafukuza kila anayesogea, siku kadhaa mpaka vifaranga watoke. Anahitaji mambo mawili: maji yaliyopata joto la masika, na gogo. Sisi tukampa maji baridi na tukamnyang'anya gogo.

Sasa magogo yanarudishwa. Kati ya Hume na mji wa Yarrawonga, huko chini ya mto, yamezamishwa maelfu kwa makusudi, kwa lori na winchi, na cod wameongezeka. Mwaka wangu wa tatu hapa niliwahi kulala kifudifudi kwenye mashua, uso karibu kugusa maji, siku mto ulipokuwa chini na angavu. Chini yangu palikuwa na gogo, na ndani ya shimo lake kichwa kipana cha kijani chenye madoa, mdomo ungeingia kichwa cha mtoto. Hakutikisika. Alinitazama tu kama mzee aliyeketi mlangoni kwake.

Gogo hilo hilo, juu yake kijana akijitupa kutoka daraja au kwenye kamba iliyofungwa mtini, ndilo linalovunja shingo. Sitawadanganya kwamba yanaweza kutenganishwa. Nyumba ya samaki ni hatari kwa mwogaji, na mimi sitaki magogo yaondolewe tena. Nataka muyajue. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, huoni kitu, na mahali palipokuwa na kina mwaka jana leo pana mti. Na mkipiga hema, msilale chini ya mkaratusi mkubwa. Siku ya joto bila upepo unaweza kuangusha tawi zito kama gari. Wenyeji wazee waliupa jina la mfanya wajane.

Tuteremke kidogo mpaka Barmah, safari nzuri ya gari siku ya Jumamosi. Hapo ndipo kwenye msitu mkubwa kuliko yote duniani wa mikaratusi ya mtoni, nchi ya watu wa Yorta Yorta, ambao mto wanauita Dungala. Mto ukifika pale unabanwa, unakuwa mwembamba, haubebi hata nusu ya yale yanayopita hapa kwetu. Ndiyo sababu pale Yarrawonga sehemu kubwa hugeuzwa kwenye mfereji wa Mulwala, mfereji mkubwa kuliko yote ya umwagiliaji nchini humu.

Sasa sikilizeni kichekesho. Mkulima anaagiza maji kama unavyoagiza unga dukani. Lakini kutoka Hume mpaka Yarrawonga maji yanasafiri kama siku nne. Yakiwa njiani mvua ikanyesha, mkulima anapiga simu: sitaki tena. Maji hayarudi nyuma. Yanafika kwenye ule mbano, yanafurika msituni, katikati ya kiangazi, wakati msitu unapaswa kuwa mkavu unapumzika. Mkaratusi unapenda mafuriko, lakini unataka na kukauka. Ukitaka kuona mkaratusi uliosimama majini bila kupumzika, nendeni Ziwa Mulwala. Ile miti mieupe iliyokufa wima ambayo kila mtu anaipiga picha jua likizama ndiyo hiyo. Na kule Barmah zile mbuga za nyasi za Moira ambapo kwarara na yangeyange walikuwa wanajenga viota kwa maelfu, zimebaki vipande.

Majani makavu ya msitu nayo yana habari yake. Yakikaa miaka bila mafuriko yanarundikana. Yakija maji mengi wakati wa joto, yanatoa rangi kama majani ya chai kwenye birika, bakteria wanayashambulia na kula oksijeni yote. Mto unakuwa mweusi. Mwaka 2010 kuingia 2011 kambakoche wa mto huu walitoka majini kwa miguu yao wakapanda kingo na mashina ya miti, wamekaa wanasubiri. Na kule Menindee, kwenye Mto Darling ambao watu wa Barkandji wanauita Baaka, mwezi Machi 2023 walikufa samaki wanaokadiriwa milioni 20 mpaka 30. Mafuriko yalikuwa yamepungua, joto likapanda, oksijeni ikaisha. Mto ulikuwa mweupe kwa matumbo ya samaki, ukingo hadi ukingo. Miaka minne kabla ya hapo, mji ule ule, samaki walikufa kwa ukame na mwani. Kwa mafuriko wanakufa, kwa ukame wanakufa. Afya ya mto ikishakwenda hata mvua inakuwa balaa.

Mtauliza serikali inafanya nini. Maji hapa ni mali inayouzwa. Hati ya maji imetenganishwa na shamba, mtu anaweza kumiliki maji bila kuwa hata na bustani ya mchicha. Kwa sheria ya mwaka 2007 na mpango wa bonde wa 2012, serikali hununua hati kwa ajili ya mto wenyewe, kwa hiyo mto una akaunti yake kama mteja mwingine, na yapo maji yanayotolewa masika kwa ajili ya ndege na samaki tu. Wakulima wengi hawakufurahi. Mwaka 2010, mpango ukiwa bado ni pendekezo, mjini Griffith walichoma hadharani nakala za mwongozo wake. Mimi nawaelewa, na bado naona mto unadaiwa. Tusiingie huko, tutalala hapa.

Mambo ya uvuvi, haraka. Mstari wa mpaka kati ya jimbo la New South Wales, upande wa Albury, na jimbo la Victoria, upande wa Wodonga, hauko katikati ya mto. Uko juu ya ukingo wa kusini. Maji yote ya mto wenyewe ni ya New South Wales, hata ukiwa umekaa upande wa Wodonga. Kwa hiyo leseni ni ya New South Wales. Murray cod ni marufuku kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Novemba, yule dume yuko kazini. Kuanzia Desemba unaruhusiwa wawili kwa siku, sentimita 55 mpaka 75, si mdogo, si mkubwa. Yuko mwenzake anayefanana naye, trout cod, huyo analindwa kabisa. Ukiwa na shaka mrudishe.

Na ile mitego ya kuvulia kambakoche iliyofunikwa kama kibanda, tupeni, hata mkipewa bure kwenye mauzo ya vitu vya gereji. Victoria waliipiga marufuku 2019, New South Wales 2021. Kuna mnyama hapa anaitwa platipasi: mdomo wa bata, manyoya ya fuko, anataga mayai na ananyonyesha. Anazama dakika moja, mbili, kisha lazima avute hewa. Akiingia kwenye mtego ule kufuata kambakoche hapati mlango wa kutokea, na anakufa kimya kimya mita moja chini ya mtu aliyelala kwenye kiti chake.

Nilisema tutafunga saa tisa. Yule mama nyuma ameinua mkono tangu zamani. ... Anauliza kama kapu, wale samaki wa magamba makubwa ambao Wazungu wanawatupa ukingoni, wanalika.

Wanalika, mama. Ni wageni, waliletwa, wakatoroka, mafuriko ya miaka ya sabini yakawasambaza, na siku hizi mahali pengine ndio wengi kuliko samaki wote kwa uzito. Hakuna atakayekulaumu ukimaliza ndoo nzima. Ukimvua Mto Kiewa au Ovens, upande wa Victoria, ni kosa kumrudisha majini akiwa hai. Muue hapo hapo, mtoe damu mara moja, maana ladha ya tope inatoka hapo, na ule ukanda mweusi wa nyama ubavuni ukate utupe. Mifupa ni mingi na imegawanyika kama uma. Kwa hiyo mpasue pasue ubavu kwa kisu karibu karibu, kabla ya kumkaanga, au mkaushe kwa moshi. Ndimu usisahau.