Karatasi ya Daftari na Mashapo ya Kahawa

Wazee wetu shikamooni. Ndugu wengine, habari za jioni.

Hapa mezani nina dele na jagi. Kwenye dele ni kahawa chungu yetu, imechemkia juu ya mkaa. Ya kwenye jagi imechujwa kwa karatasi. Buni ni ileile, imetwangwa pamoja. Namimina hii ya dele... tazameni chini ya kikombe. Tope jeusi. Hayo ndiyo mashapo, na mnywaji mzoefu akiyafikia huweka kikombe chini.

Huko Dresden, Ujerumani, mama mmoja wa nyumbani, Melitta Bentz, alichoka nayo. Mwaka ulikuwa 1908. Mibuni ya Kilema, kule Kilimanjaro, ilikwisha kupandwa na wamisionari. Lakini jikoni kwa Wajerumani kwenyewe kahawa bado ilikuwa na chengachenga. Waliochuja kwa kitambaa walikuwa na kazi ya kukifua, na kisipotakata kinavunda, harufu yote inaingia kwenye kahawa. Melitta akachukua kopo la shaba, akalitoboa kitako kwa msumari na nyundo. Akachomoa karatasi ya kukaushia wino kwenye daftari la mwanawe Willy, akaikata, akaitandika ndani. Akatia kahawa, akamimina maji ya moto. Ikadondoka safi.

Kwa nini karatasi ya wino? Karatasi ya kuandikia hutiwa gundi ili wino usisambae, kwa hiyo maji huyapitisha kwa shida. Ile ya kukaushia wino haina gundi: inanyonya, maji yanapenya, unga unabaki juu. Tena inashika sehemu kubwa ya mafuta ya buni, yakiwemo yanayopandisha kolesteroli. Hili la mwisho Melitta hakulijua. Lilikuja kugunduliwa miongo mingi baadaye.

Juni mwaka huohuo ofisi ya hataza, yaani ya kulinda haki za wavumbuzi, mjini Berlin ikaandikisha chombo chake. Desemba akafungua kampuni kwa mtaji usiofika hata marki moja, ndani ya chumba cha nyumba yao. Mumewe, Hugo, akaingia kazini naye, watoto wakasaidia kupeleka mizigo. Mwaka 1909, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, wakauza vichujio zaidi ya 1,000. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaivuruga biashara, ikaja kusimama tena, na miaka ya 1930 kichujio kikapata umbo la pia tunalolijua leo.

Wengi wakisimulia uvumbuzi wa kahawa hukimbilia mitambo ya mvuke ya Italia. Nami naipenda. Ila namtanguliza mama huyu, kwa kuwa alichokivumbua kiliingia hata kwenye jiko la mtu ambaye mtambo hauwezi.

Sasa sogeeni. Anzeni na ya jagi, maana ya dele ikitangulia ulimi hausikii tena nyingine. Kashata ziko kwenye sinia.