Ukikosa Jumamosi, nani anakuulizia?

Tumsifu Yesu Kristo! Najua huko mlipo mmeshaitikia, "Milele, amina." Na majirani zetu wa Kwahani, Unguja, mnaonitazama huku mnangoja adhana ya magharibi, asalaam aleikum, Ramadhani njema. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeingia wiki moja, mtaa mzima umefunga. Jana mama kanambia kwenye simu kuwa jirani kamletea sahani ya muhogo wa nazi, na kaimati juu yake. Sahani ya watu hairudishwi tupu, mnajua wenyewe, na Ijumaa sisi hatuli nyama, basi leo kampelekea samaki wa kupaka. Nilimsikiliza nikiwa kituo cha basi hapa Leeds, Uingereza, mvua inanyesha, machozi yakanitoka.

Leo nataka kuzungumza na nyinyi mnaosali, hasa nyinyi mlioanza kuipa kisogo jumuiya, kile kikundi chetu kidogo cha majirani wanaosali pamoja nyumbani Jumamosi. Nimepata habari. Dada yangu ananambia siku hizi Jumamosi jioni wanakuja watu watano au sita, wengine wote wana udhuru, na Jumapili kuna wanaoifuata Misa kwenye simu wakiwa kitandani. Siwasemi. Mimi nimefanya hivyo hivyo mwaka mmoja na miezi miwili, na nitawaeleza ilivyokuwa.

Nilipofika huku nilikuwa nasali kanisa moja kubwa, zuri, kinanda kinatetemesha mbao za viti. Nakaa nyuma, namaliza, natoka. Baridi ilipozidi nikaanza kufuata Misa za nyumbani zinazorushwa mtandaoni. Nikajiambia hii ndiyo bora, Kiswahili chetu, kwaya yetu. Siku moja padri ananyanyua Ekaristi, mimi nakunja nguo. Nimeshika soksi mkononi. Nilisimama pale nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote. Nikarudi kanisani. Baadaye nikaugua kifua, Jumapili tano sikutia mguu huko, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniulizia. Siwalaumu wale watu. Wangeniuliziaje? Jina langu hawakulijua, na mimi sikuwapa.

Sasa nikakumbuka Wete. Mlio Pemba mnaelewa. Tulikuwa tukienda likizo ya skuli kwa mjomba, tunavuka na meli usiku, na Jumapili kanisani watu wanahesabika kwa vidole vya mikono na miguu. Mzee mmoja akikosa, Misa haijaisha tayari watu wanaangaliana. Wakitoka tu, wawili wanashika njia ya kwake. Nilipokuwa mtoto niliona unyonge kuwa wachache namna ile, nilitaka tujae kama kule Dar es Salaam. Leo naona walikuwa na utajiri nilioukosa kwenye kanisa la watu mia nane.

Na kwetu Unguja si jambo geni. Nendeni Mkunazini mkasimame kwenye kanisa la Waanglikana. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa pale pale. Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa nyuma ya altare. Watu huenda kutazama nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu, na ni za kutazama kweli. Mimi nawafikiria zaidi waumini wa mwanzo: watu waliotolewa majahazini na minyororoni, huyu Myao, huyu Mnyasa, huyu Mzigua, hana baba wala shangazi kisiwani, na jina aliloitwa kwao hakuna anayelijua. Ukiwaambia hao kuwa kanisa ni jamaa ya Mungu, hawasikii fumbo. Ndiyo jamaa pekee waliyobaki nayo. Na sisi Wakatoliki, mapadre wetu walioingia mjini mwaka 1860, miaka mingi kabla Minara Miwili, kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu, halijajengwa, walianza na watu hao hao na watoto waliokombolewa. Imani ya visiwa hivi ilianza na watu waliohitaji kuulizwa, "Umeamkaje?"

Maaskofu wa Afrika Mashariki, kwenye umoja wao wa AMECEA, walilizungumza jambo hili Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1976 wakaziweka jumuiya ndogo ndogo kuwa njia kuu ya kulijenga kanisa kwetu. Nyumba kumi, kumi na tano, watu wanaofahamiana kwa sura na kwa shida. Ndivyo Matendo ya Mitume inavyowaeleza Wakristo wa kwanza, walisali pamoja na kumega mkate nyumba kwa nyumba.

Nawapa mfano mmoja, na huu nimeuona kwa macho yangu kwenye ukumbi wa nyumba yetu. Mikeka imetandikwa, viatu vimejaa mlangoni, chai ya mchaichai iko jikoni. Tulikuwa tunafuata zile hatua saba za kushirikishana Injili, mnazijua: inasomwa, halafu kila mtu anachagua neno au kifungu kidogo kilichomgusa, anakitamka mara tatu, na baada ya kila mara watu wananyamaza. Siku hiyo ni Injili ya mwanamke Msamaria, yule ambaye Yesu alimwomba maji kisimani, hii hii tunayoisoma Jumapili hii. Bibi mmoja wa mtaani, hajui kusoma, kaninginiza ushungi wake wa kanga mabegani, akasema, "Nipe maji." Kimya. "Nipe maji." Kimya. Mara ya tatu sauti ikamkatika. Nilikuwa na miaka kumi, nilidhani anaumwa.

Tulipofika hatua ya kuulizana Bwana anatutaka tufanye nini, akasema nyumba ya tatu kutoka kwake kuna mzazi, kajifungua kwa kisu, bomba halijatoa maji siku nne, na mume yuko dago, kambi ya wavuvi. Akauliza, "Yesu kaomba maji, na huyu je?" Kesho yake alfajiri mama alinitwika ndoo. Tulikuwa wanne njiani, watoto wawili na kina mama wawili, na yule bibi mbele na kidumu chake cha lita tano, maana ndicho alichokiweza. Yule mzazi alikuwa Muislamu. Hakuna aliyelitaja hilo, si kwenda wala kurudi. Mtoto aliyezaliwa ni mtu mzima sasa, na akimuona mama yangu sokoni humwita mama.

Ndiyo maana naumia nikisikia jumuiya imegeuka mahali pa karatasi za michango. Viongozi wangu wa jumuiya, nawaheshimu, shikamooni nyote, lakini nawaomba kwa mapenzi. Mtu akikosa mara tatu, asiwe anakumbukwa siku anapotaka barua ya ubatizo wa mtoto, aambiwe kwanza deni lake. Aendewe. Zaka ni wajibu na kanisa halijengwi kwa maneno, nakubali. Lakini mtu aliyefilisika anaona haya, hukaa mbali hasa kwa sababu hana cha kutoa, na huyo ndiye wa kubishiwa hodi mwanzo. Baba alipofariki, ndugu wa Songea walichukua siku tatu kufika. Jumuiya ilifika kabla chozi la mama halijakauka, na wao ndio waliosimama nasi Mwanakwerekwe makaburini.

Huku nilivyotoka kwenye upweke ni hivi. Niliporudi kanisani baada ya kupona, mama mmoja wa Bukavu alinishika mkono mlangoni, akaniuliza nilikuwa wapi, alikuwa ananitafuta. Kumbe kuna mmoja aliyeniona. Nikamkaribisha chai. Leo tuko saba: yeye, Mrundi na mkewe, dada wawili wa Moshi, kijana wa Mombasa, na mimi. Tunasali sebuleni kwangu, viatu mlangoni kama kwetu.

Jumamosi iliyopita tuliitangulia hii Injili. Yule kijana anafanya kazi ghalani usiku, kila mwezi anatuma pesa nyumbani hadi anabaki mikono mitupu. Neno lake lilikuwa "mtungi." Kwamba yule mwanamke aliuacha mtungi wake pale kisimani akaenda mjini. Akasema, "Mimi miaka sita sijautua." Tulinyamaza muda mrefu. Kisha yule Mrundi akamwambia Jumatatu asipike, aje kula kwake, na Jumanne kwa dada wa Moshi. Wiki hii yote amekula kwa watu.

Kesho tunakutana saa kumi na moja jioni, kwenu ni saa mbili usiku. Mama, waambie jumuiya wakutane saa hiyo hiyo, simu muiweke katikati ya mkeka, tuisome pamoja. Na yule bibi kama ana nguvu za kutoka, mleteni, mumpe kiti karibu na simu. Nataka yeye ndiye aanze.