Upanga Mmoja, Filamu Tatu: Rey ni Mtoto wa Nani?

Mwenyekiti, ahsante. Wakubwa wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa niseme ipi iliyo bora kati ya zile filamu tatu za mwisho za ukoo wa Skywalker, katika mfululizo wa Star Wars. Najua humu ndani wamo marafiki walionuniana miezi kwa sababu ya jambo hili, na siwashangai. Mtu hununa kwa ajili ya kitu anachokipenda.

Disney iliinunua Lucasfilm, kampuni inayotengeneza Star Wars, mwaka 2012 kwa dola zipatazo bilioni 4, na kati ya 2015 na 2019 tukaletewa filamu tano za Star Wars. Rogue One na Solo naziweka kando, kwa kuwa kila moja ina kisa chake cha pembeni, ingawa Rogue One naipenda mno na siku nyingine nitaisemea. Leo nina The Force Awakens ya 2015, The Last Jedi ya 2017 na The Rise of Skywalker ya 2019. Nitaziita ya saba, ya nane na ya tisa, kama tunavyoziita wenyewe tukiwa barazani.

Wengi wakizilinganisha huanza na mapato. Ya saba ilivuka dola bilioni 2, ya nane ikapata kama bilioni 1.3, ya tisa ikaishia bilioni 1 na kidogo. Basi wanasema, mnaona, ya nane ndiyo iliyowafukuza watu. Hoja hiyo naiacha ipite, maana mimi nataka tufuate kitu kimoja tu: ule upanga wa mwanga, wa rangi ya buluu.

Mnaukumbuka. Ulikuwa wa Anakin Skywalker, ukawa wa mwanawe Luke, na Luke akaupoteza pamoja na mkono wake katika filamu ya 1980. Katika ya saba unaibuka ndani ya sanduku, chini ya kasri la Maz Kanata, yule bibi kizee mfupi mwenye miwani mikubwa na umri uliopita miaka elfu. Maz ni Lupita Nyong'o wetu: mwendo wake ulinaswa na mitambo, kisha kompyuta ikamvika umbo lile. (Na kwa kuwa tumemtaja Lupita, kumbukeni Return of the Jedi ya 1983. Yule rubani msaidizi anayekaa na rubani Lando ndani ya chombo cha Millennium Falcon anazungumza Kikuyu, na sauti ni ya Mkenya, Kipsang Rotich. Tumo humo tangu zamani.)

Rey, yule binti aliye mhusika mkuu wa filamu hizi, anaugusa upanga, anaogopa, anakimbia. Anayeubeba kwanza vitani ni Finn, kijana aliyeporwa kwa wazazi wake akiwa mdogo, akapewa namba badala ya jina. Halafu kule msituni kwenye theluji, Kylo Ren, adui wa Rey na mjukuu wa Anakin, ananyoosha mkono auite upanga wa babu yake kwa ile nguvu isiyoonekana, the Force. Unachomoka thelujini, unampita sikioni, unatua mkononi mwa Rey. Nilikuwa ukumbini siku ile na watu walisimama. Damu imeita na upanga umekataa kuitika!

Filamu inaisha Rey akiwa amepanda ngazi za mawe za kisiwa, zilizopigwa picha Skellig Michael huko Ireland. Ameunyoosha upanga kwa Luke. Luke anamtazama. Hakuna anayesema neno. Tukakaa na mkono ule hewani miaka miwili mizima.

Ya nane inafungulia palepale. Luke anaupokea, anautazama, anautupa nyuma ya bega lake.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia kitendo kile kilimuuma kama kofi. Alimwacha Luke mwaka 1983 akiwa shujaa, akamsubiri miaka zaidi ya thelathini, anarudi kumkuta amesusa. Maumivu yale siyadharau. Mark Hamill mwenyewe, anayemcheza Luke, alisema hadharani kwamba hakukubaliana na mwongozaji Rian Johnson kuhusu Luke huyu, ingawa baadaye alijutia kuyatoa nje. Lakini nawaomba muutazame tena uso wa Luke kabla ya kuutupa. Yule ni mtu aliyerudishiwa kitu kilichowaletea maafa jamaa zake.

Halafu Rey anaambiwa wazazi wake ni nani. Sisi Waswahili mtoto mgeni akiingia uani, swali la kwanza ni lilelile: wewe mtoto wa nani? Mashabiki walikuwa wameliuliza miaka miwili na kila mtu alikuwa na jibu la ukoo mkubwa. Filamu ikajibu: wa wachuuzi wa vyuma chakavu, waliomuuza wapate pesa ya kulewa. Palepale Rey na Kylo wanaugombania upanga, huyu anauvuta huku, yule kule, unapasuka vipande viwili.

Hapo ndipo naishika filamu hii na siiachii. Kasoro zake naziona. Safari ya mji wa kamari inaburura, na Finn alistahili kazi nzito kuliko ile. Ila tazameni mwisho, kwenye uwanda wa chumvi, sehemu iliyopigwa Bolivia. Kila anayekanyaga anaacha alama nyekundu. Luke anatoka peke yake kulikabili jeshi, na nyayo zake haziachi kitu. Mkononi ana upanga wa buluu, uleule tuliouona ukivunjika. Kylo aliuvunja kwa mikono yake mwenyewe na bado hashtuki, kwa sababu hasira imemziba macho. Luke hayupo pale, kinachoonekana ni taswira yake tu; mwenyewe yupo kisiwani kwake, mbali kabisa. Anawaokoa wenzake bila kumjeruhi yeyote, na ili aokoe anauchukua tena ule upanga aliokuwa ameukataa, walau kwa mfano wake. Sijui namna bora ya kumrudisha shujaa.

Ya tisa ilipitia misukosuko. Carrie Fisher alifariki Desemba 2016. Ikabidi Leia, dada pacha wa Luke aliyekuwa akichezwa naye, aundwe kwa vipande vilivyosalia vya ya saba. Mwongozaji wa kwanza aliondoka 2017, J.J. Abrams, aliyeongoza ya saba, akarudi. Hayo nayaelewa. Lakini upanga umeungwa, na hatuoni ukiungwa. Rey anapoutupa motoni, mzimu wa Luke unaudaka na kumwambia silaha ya Jedi, shujaa wa upanga wa mwanga, iheshimiwe. Filamu inamsahihisha dada yake mbele ya wageni.

Na Rey sasa ni mjukuu wa Palpatine, yule mfalme mwovu. Wanaoitetea wana hoja nzuri, nami nataka niiseme kwa haki: sisi tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na filamu hii inakataa, inasema mjukuu wa nyoka anaweza kuchagua. Hoja ni nzuri, lakini nguvu zake zimerudishwa kwenye damu. Humohumo filamuni Finn anakutana na kina Jannah, watoto walioporwa kama yeye, wakatupa silaha kama yeye. Kundi zima la watoto wasio wa mtu! Filamu inawapita mbio ili imrudie mjukuu wa mfalme. Mwaka 2020 John Boyega, anayemcheza Finn, alisema wazi kwamba yeye na wenzake wasio wazungu walitangazwa kwa shangwe kisha wakasukumwa pembeni. Nami nikimtazama Finn katika ya tisa, akiita “Rey!” na kile alichotaka kumwambia akikibakiza moyoni, namwelewa.

Mwisho Rey anaufukia upanga mchangani Tatooine. Bibi mmoja mpita njia anamuuliza yeye ni nani. Rey. Rey wa nani? Anajibu Skywalker.

Kabla ya maswali, nawaomba tutazame dakika ya mwisho ya filamu ya nane. Ni mtoto wa kazi kwenye zizi la wanyama, anatoka kufagia. Ananyoosha mkono kuuchukua ufagio, na ufagio unamfuata kabla hajaugusa. Ni kitambo kidogo sana, ukipepesa macho kinakupita. Zimeni taa, tafadhali.