Kusomea Mapumziko ya Watu Wengine

Wazazi wangu, shikamooni. Wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita, mambo vipi.

Nilipopata nafasi ya kusomea usimamizi wa utalii, jirani yetu kule Kibosho alimuuliza mama, "Kwa hiyo mnauza ng'ombe ili mtoto akasomee kustarehe?" Mama hakuwa na jibu. Mimi pia sikuwa nalo, nikajifanya natafuta viatu. Leo nimekuja nalo, nimechelewa miaka kumi na mbili.

Kabla ya chuo nilikuwa mgumu. Nyie wa Moshi mnanielewa. Kwa waliotoka mbali, wagumu ni wapagazi wa Kilimanjaro, wale wanaobeba hadi kilo 20 na bado wanafika kambini kabla ya mgeni mwenyewe. Safari za njia za Machame na Lemosho huteremkia Mweka, na Mweka ndiko kilikoanzishwa chuo cha usimamizi wa wanyamapori mwaka 1963. Misimu mitatu nilishuka pale nikiwa na matope hadi magotini, nikiwaona wanafunzi wa rika langu kijijini wakiwa na madaftari yao. Mlima nilikuwa naujua kuliko wao. Ila nilijua pia kwamba wao watapanda vyeo, mimi nitaendelea kupanda mlima.

Sasa sikilizeni. Utalii, michezo, burudani, zote ni fani halali na zina pesa. Hilo sibishani na mtu. Swali la mtoto wa maskini ni jingine: kati ya siku ya mahafali na siku ya mshahara wa kwanza kuna miezi mingapi? Mtoto wa mwenye nacho anaweza kukaa sebuleni miaka miwili akisubiri ajira. Wewe nyuma yako kuna mdogo wako anasubiri ada.

Ndiyo maana mimi, mtu akiniletea jina la kozi, naulizia fildi kwanza, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Wiki ngapi? Nani anakutafutia sehemu ya kwenda, chuo au wewe na nauli yako? Ziara za hifadhini zimo kwenye ada au zinachangishwa? Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, huwa linaishia hapo, si kwenye chakula. Fildi yangu ya kwanza ilikuwa hoteli moja nisiyoitaja, nikakunja taulo wiki tano mfululizo. Wiki ya sita nikamwomba dada wa mapokezi anifundishe kupokea maombi ya vyumba usiku, wakati hakuna kazi nyingi. Ndipo nilipoona kwa nini chumba kilekile kina bei moja Julai na nyingine Aprili mvua zikinyesha, na nani anaamua. Ajira yangu ya kwanza ilitokana na usiku ule. Taulo hakuna aliyeniuliza mpaka leo.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ombeni, bila aibu, lakini msiuite sadaka. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi inakatwa kila mwezi. Kwenye mshahara wa 600,000 hiyo ni 90,000, imeondoka kabla hujatuma chochote nyumbani. Piga hesabu hiyo leo, kwenye daftari, na mzazi akiwa pembeni.

Tena si lazima uanze na shahada. Wenzangu watatu walianza na diploma, wakafanya kazi, wakarudi chuoni na GPA, yaani wastani wa alama za diploma, ya zaidi ya 3.0 inayowaruhusu kujiunga na digrii. Darasani walikuwa wazee kidogo, tukiwaita "wajomba". Lakini walikuwa wanajilipia, na mhadhiri akikosea jambo la hotelini walikuwa wanamsahihisha.

Niwaambie na ubaya wake. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, korona ilipoingia, wakabaki kama 620,000. Waongozaji wenye leseni na lugha mbili za kigeni niliwaona wakiuza mabuti ya mlimani pale sokoni Memorial, Moshi. Wageni walirudi, na mwaka 2024 walivuka milioni 2, lakini mabuti yalishauzwa. Kwa hiyo shahada inayokufundisha kumngoja mgeni wa ndege peke yake mimi siipendi. Tafuta yenye hesabu za biashara, yenye michezo, yenye usimamizi wa viwanja. Tuliandaa mashindano ya soka ya CHAN Agosti 2025 pamoja na Kenya na Uganda, na AFCON ya 2027 ni yetu watatu. Mashindano ni ya mwezi mmoja, lakini nyasi za uwanja zinataka mtu mwaka mzima. Chuo cha Malya, kule Kwimba, kinafundisha mambo ya michezo, na wengi wenu humu ndani naona hamjawahi hata kulisikia jina lake.

Mama mwenye kitenge cha njano ameinua mkono tangu nianze. Ananiambia binti yake ana nafasi mbili, moja ya sheria chuo cha mbali, nyingine ya utalii hapahapa, na baba anataka sheria. Mama, siwezi kumpinga baba mbele za watu. Ila hizo barua mbili za chuo umekuja nazo? Zilete hapa mbele. Tutaanza na ukurasa wa michango, ule ulioandikwa kwa herufi ndogo.