Fedha za Utafiti wa Tabianchi Zisiguswe: Ombi kwa Wabunge Wetu

RUKIA: Wasikilizaji wetu, hamjambo, na karibuni. Kipindi cha leo tunakielekeza kwa wabunge wa Kenya, hasa wanaoketi katika Kamati ya Bajeti na Matumizi ya Bunge la Taifa. Tunawaomba wasikubali fedha za umma za utafiti wa tabianchi ziguswe, hata pale Hazina ya Taifa itakapowaletea bajeti ya nyongeza na kuwaambia kwamba hakuna budi kupunguza. Ndugu Mutua, wewe hupenda hoja hii ianzie kwenye kipimamvua.

MUTUA: Naam, dada Rukia, kwa sababu elimu yote hii inaanzia hapo. Kila siku saa tatu asubuhi, mpimaji katika kituo cha hali ya anga huchukua maji yaliyokusanyika tangu saa tatu ya jana, huyamimina kwenye chombo chenye alama za milimita, husoma, huandika, kisha huyamwaga. Asipofika kazini, au kifaa kikivunjika na pasiwe na fedha za kununua kingine, mvua ya siku hiyo haitapimwa tena milele. Hata makadirio ya mvua yanayotokana na setilaiti husahihishwa kwa kulinganishwa na vipimo vya ardhini, kwa hiyo mahali pasipo na vipimo, setilaiti nayo hubahatisha.

RUKIA: Na mfululizo wa vipimo hivyo, mwaka baada ya mwaka, ndio uliofichua habari za masika. Tangu miaka ya 1980 mvua za masika katika Afrika Mashariki zimepungua kwa jumla, ilhali mifumo mingi ya kompyuta inayokadiria hali ya baadaye inasema zitaongezeka.

MUTUA: Hilo ni mojawapo ya maswali makubwa ya sayansi ya tabianchi katika eneo letu, na halijapata jibu la kukata shauri. Watafiti wamegundua kwamba kwa miaka mingi masika yalikuwa yakichelewa kuanza na kuwahi kuisha. Wanachunguza namna joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki linavyovuta unyevu mbali na bara letu, na wanajiuliza kama mifumo hiyo ya kompyuta inaiwakilisha bahari ipasavyo. Tafadhali msione kwamba hili ni suala la wasomi peke yao. Serikali inapojenga bwawa la kutumika kwa miaka 50, au mkulima wa Makueni anapoamua kama apande mahindi au mtama, wote wawili wanahitaji kujua masika yanaelekea wapi. Nani atatutafutia jibu hilo ikiwa sisi wenyewe hatuligharimii?

RUKIA: Tumeshaona gharama ya kutojua. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu 5 ya mvua ilifuatana ikiwa haba, na wafugaji wa kaskazini walipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Kisha masika ya 2024 yakaja na mafuriko yaliyoua mamia ya watu nchini, wakiwemo waliosombwa usiku kule Mai Mahiu mwezi wa Aprili.

MUTUA: Kuhusu ule ukame, uchunguzi uliotolewa Aprili 2023, ukiongozwa na mwanasayansi wetu Joyce Kimutai, ulionyesha kwamba ongezeko la joto duniani liliufanya uwezekano wa ukame wa namna hiyo kuwa mkubwa mara 100 au zaidi, kwa kuwa joto hukausha udongo na mimea upesi kuliko zamani. Uchunguzi kama huo hauwezekani bila kumbukumbu za miongo mingi, na ndio unaoipa Kenya ushahidi wa kubeba inapodai fidia ya hasara katika mikutano ya dunia.

RUKIA: Lakini mbunge atakuuliza: zahanati za kwangu hazina dawa, walimu hawatoshi, kwa nini nilinde fedha za utafiti?

MUTUA: Ni swali la haki, nami ninaliheshimu. Ningemjibu kwamba mafuriko yakibomoa zahanati hiyo, fedha za kuijenga upya zitatoka katika mfuko uleule. Isitoshe, tunachoomba kimo ndani ya sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inaagiza Hazina itoe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha kwa Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti, na kiwango hicho hakijafikiwa hata mara moja. Bunge ndilo lililoipitisha sheria hiyo, na ni wajibu wa Bunge kuisimamia.

RUKIA: Mimi linaloniumiza zaidi ni kutegemea wafadhili. Mtandao wa tahadhari ya njaa ambao Marekani iliuanzisha mwaka 1985, baada ya njaa ya Ethiopia, ulizimwa ghafla Januari 2025 serikali yao iliposimamisha misaada ya nje, na miezi ikapita kabla haujarejea. Wataalamu wa eneo letu waliokuwa wakiutegemea hawakuwa na kauli yoyote katika uamuzi huo.

MUTUA: Ndiyo maana nawatajia wabunge kituo cha Mlima Kenya, kilichoko zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, ambacho tangu 1999 kimekuwa sehemu ya mtandao wa dunia wa kupima hewa. Uswisi imetusaidia sana huko, na tunaishukuru. Hata hivyo, umeme, matengenezo na mishahara ya kituo kilicho kwenye mlima wetu ni mambo ambayo bajeti yetu inapaswa kuyabeba bila kusubiri hisani.

RUKIA: Sasa msikilizaji afanye nini?

MUTUA: Ibara ya 221 ya Katiba inataka makadirio ya matumizi yafikishwe bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili, na inailazimu kamati kutafuta maoni ya wananchi na kuyazingatia. Andika barua, kwa Kiswahili ukipenda. Omba vipimo na kumbukumbu za hali ya anga viwe na fungu lao mahususi ambalo bajeti ya nyongeza haitalipunguza, na Hazina ieleze hadharani kila mwaka ni sehemu gani ya ile asilimia 2 imetolewa.

RUKIA: Na nakala mpelekee mbunge wa eneo lako, kwa jina lake. Yeye ndiye atakayepiga kura juu ya makadirio hayo kabla ya Juni kwisha.